Duke msimu wa 2024/25: Maluach na wachezaji wenzake wapya watagawanaje dakika?

Mtazamaji wa Lugogo (Kampala), 2 Septemba 2024

Ndugu zangu wapenzi wa mpira wa kikapu, nawasalimu. Naomba mawazo yenu kuhusu timu ya Chuo Kikuu cha Duke, ambayo msimu ujao wengi wetu huku Kampala tutaifuatilia kuliko tulivyowahi kuifuatilia, kwa kuwa Khaman Maluach, kijana aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, na kukulia Kawempe hapa kwetu, ataanza kuichezea mwezi wa Novemba. Tulimwona mwezi wa Aprili akiwa na City Oilers kwenye Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, na mwezi wa Julai tukamwona tena akiwa na Sudan Kusini katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, ingawa kule hakupewa dakika nyingi.

Hofu yangu ni kwamba timu hii imejaa wageni mno. Msimu uliopita Duke ilishinda michezo 27 na kupoteza 9, ikatolewa na NC State kwa 76 kwa 64 katika robo fainali ya mashindano ya kitaifa, kisha karibu kikosi kizima kikatawanyika. Kyle Filipowski na Jared McCain wamekwenda NBA, na wengine saba, akiwamo Jeremy Roach aliyekuwa nahodha, wamehamia vyuo vingine. Kati ya waliokuwa wakicheza dakika za kutosha wamebaki wawili tu, Tyrese Proctor na Caleb Foster. Nafasi zimejazwa na vijana sita wa mwaka wa kwanza wakiongozwa na Cooper Flagg, pamoja na wachezaji wazoefu waliotoka vyuo vingine.

Swali langu ni hili: kocha Jon Scheyer atawapangaje watu wote hawa, na je, Maluach ataanza au atatokea benchi? Nimesoma mahali pengi kwamba timu ni bora kwa sababu ina vipaji vingi, lakini sijamwona mtu aliyeketi akaeleza nani atacheza na nani, na kwa nini.

Mkazi wa Durham, 2 Septemba 2024

Ndugu Mtazamaji, ahsante kwa swali lililoulizwa vizuri. Ninaishi jirani na chuo chenyewe, na huku mazungumzo ni Flagg asubuhi hadi jioni, kwa hiyo nafurahi kupata mtu anayeuliza kuhusu wengine.

Napenda kuanza na hesabu, kwa sababu hesabu haina ushabiki. Mchezo wa chuo una dakika 40, na watu watano wako uwanjani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa na hawezi kuongeza hata moja. Tukimpa Flagg dakika 32, Proctor 30, Kon Knueppel 28 na Foster 25, tayari tumetumia 115. Chini ya kikapu tumpe Maluach 20 na Maliq Brown, aliyetoka Syracuse, 18. Sion James aliyetoka Tulane hawezi kukaa chini ya 20, kwani huyu ni mtu mzima aliyefunga wastani wa pointi 14 msimu uliopita na mwenye nguvu za kumkaba karibu mchezaji yeyote wa pembeni. Mason Gillis wa Purdue tumpe 15. Hapo tumefika 188, na dakika 12 zinazobaki ni za Isaiah Evans, kijana mwembamba ambaye mpira ukimtoka mkononi unaelekea ringini hata kama amebanwa. Darren Harris na Patrick Ngongba, vijana ambao katika vyuo vingi wangekuwa wakitegemewa, hawana hata dakika moja katika hesabu yangu, na Ngongba ana sababu ya ziada, maana amekuja akiwa anauguza mguu.

Mtaona mara moja kwamba tatizo la Scheyer ni la wingi. Mwaka jana katika mchezo ule wa NC State, DJ Burns alifunga pointi 29 huku akiwasukuma watu wetu chini ya kikapu kana kwamba hawapo, na upande wa pili Proctor hakufunga hata pointi moja. Usajili wa mwaka huu unaonekana kuwa jibu la jioni ile. Kati ya hao tisa niliowapa dakika, hakuna aliye mfupi kuliko sentimita 195, na hilo halikutokea kwa bahati. Timu yenye watu wanaokaribiana kimo inaweza kubadilishana wapinzani kila skrini inapowekwa (yaani mshambuliaji anaposimama kumzuia mlinzi ili mwenzake apite), na mshambuliaji asipate upenyo wa kumtafuta mfupi wa kumwonea. Ndiyo maana nasema wageni hawa wanaingiana kwanza katika ulinzi, na mashambulizi yatafuata.

Kuhusu Flagg, wasiwasi wa watu kwamba nyota wa miaka 17 atataka mpira wote hauna msingi. Katika shule ya Montverde alicheza pamoja na Derik Queen, Liam McNeeley, Asa Newell na Robert Wright, ambao wote sasa wamo katika timu kubwa za vyuo, na walimaliza msimu bila kufungwa. Amezoea kugawana. Mwezi wa Julai aliitwa Las Vegas kufanya mazoezi dhidi ya timu ya Olimpiki ya Marekani, akiwa hajacheza hata mchezo mmoja wa chuo, na hakuonekana mgeni.

Kocha wa Upanga (Dar es Salaam), 3 Septemba 2024

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Hesabu ya ndugu yangu wa Durham ni safi, nami nitabaki kwenye zile dakika 20 za Maluach, kwa sababu kazi yangu ya kila wiki ni kufundisha vijana warefu wasiojua bado wafanye nini na urefu wao.

Tukumbuke kwanza kwamba kijana huyu alianza kucheza mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 13. Ana sentimita 218. Katika miaka hiyo michache amepita kituo cha NBA kule Senegal, amecheza Ligi ya Afrika akiwa na klabu tatu tofauti, yaani Cobra Sport, AS Douanes na City Oilers, na amecheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika timu ile aliyekwisha kucheza na watu wazima kiasi hicho. Kwa hiyo akili yake ya mchezo inaweza kuwa imekwenda mbele kuliko mikono yake, jambo ambalo kwa senta si baya.

Lakini kuna kitu ambacho watoa maoni wa Marekani hawakigusi, nacho ni sheria. Maluach amelelewa na sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia. Katika FIBA, mpira uliotupwa ukishagusa ringi, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuugusa, hata ukiwa bado unazunguka juu ya ringi. Senta mrefu wa kwetu anafundishwa kuufagia mpira huo, na mikono yake inakwenda yenyewe kabla kichwa hakijaamua. Katika vyuo vya Marekani hilo ni kosa, na mpinzani anahesabiwa pointi zake. Ni jambo dogo kulisoma kwenye karatasi, ila kumwondolea mchezaji tabia aliyoijenga tangu siku ya kwanza kunachukua miezi. Nawaomba mlitazame katika michezo ya mwanzo: mpira ukicheza juu ya ringi, angalieni kama mkono wake wa kulia unajizuia au unapanda.

Jambo la pili ni faulo. Kote kuwili mchezaji anatoka kwa faulo tano, lakini makocha wengi wa vyuo wana desturi ya kumketisha mchezaji mara anapopata faulo ya pili katika kipindi cha kwanza, hata ikiwa zimechezwa dakika sita tu. Senta wa miaka 17 au 18 anayependa kuruka kila mpira unapoinuliwa anaweza kuketi benchi dakika 12 mfululizo akiwa amevaa fulana ya mazoezi. Hapo ndipo Maliq Brown anapokuwa na thamani. Brown si mrefu kama Maluach, ila msimu uliopita aliteuliwa katika timu ya walinzi bora wa ukanda wa ACC, yaani kundi la vyuo ambamo Duke inacheza, na aliiba mpira zaidi ya mara mbili kwa mchezo. Anaweza kutoka nje hadi kwenye mstari wa pointi tatu akamkabili mlinzi mwepesi, kitu ambacho Maluach bado anajifunza.

Kwa hiyo kwangu mimi suala la nani aanze si zito kama nani amalize. Scheyer anaweza kumwanzisha Maluach kwa sababu wapinzani wakimwona pale katikati wanaanza kutupa kutoka mbali mapema, na anaweza kumaliza mchezo na Brown pale ambapo kila mshambuliaji mbele yake anaweza kutupa. Senta hao wawili wana kazi mbili tofauti, na timu inahitaji zote mbili katika mchezo mmoja.

Kwa anayetaka mfano wa karibu, amtazame Dereck Lively, senta wa Duke katika msimu wa kwanza wa Scheyer, 2022/23. Alianza polepole baada ya kuumia, wastani wake wa mwisho ulikuwa pointi 5.2 tu, na watu walimwita hasara. Mwezi wa Februari mwaka 2023 dhidi ya North Carolina alifunga pointi 4, lakini akadaka ribaundi 14 na kuzuia mitupo 8, na Duke ikashinda 63 kwa 57. Mwezi wa Juni mwaka huu alikuwa akicheza fainali za NBA na Dallas. Scheyer anajua kumtumia senta ambaye hahitaji kuchezewa mchezo maalumu: amwekee mwenzake skrini, akimbilie ringini, adake pasi ya juu na kudanki, kisha arudi kulinda. Maluach akiwa na hayo manne tu hadi Machi, ametimiza.

Msomaji wa Nyayo (Nairobi), 3 Septemba 2024

Marahaba Kocha, ingawa sina hakika kama mimi ni mkubwa wako. Naona mjadala umeegemea chini ya kikapu, nami kwa heshima zote naona mtihani wa wageni hawa uko mbali na ringi.

Duke imewahi kuwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye vipaji kuliko timu yoyote, mara mbili, na matokeo yakatofautiana. Mwaka 2015 Jahlil Okafor, Justise Winslow, Tyus Jones na Grayson Allen walifunga pointi 60 kati ya 68 katika fainali waliyoishinda Wisconsin. Mwaka 2019 Zion Williamson, RJ Barrett, Cam Reddish na Tre Jones waliishia robo fainali kwa pointi moja, 68 kwa 67, mbele ya Michigan State. Watu hupenda kusema kwamba wa 2015 walipendana zaidi, au kwamba Quinn Cook, aliyekuwa mwaka wa mwisho, aliwalea. Sikatai, lakini timu ya 2019 ilipata asilimia 30.8 tu ya mitupo ya pointi tatu kwa msimu mzima. Walinzi wa timu pinzani walikuwa wanarudi nyuma, wanajazana katikati, na kumwachia Zion ukuta wa watu watatu. Nafasi ilikosekana, na kipaji kisicho na nafasi kinagongana na kipaji kingine.

Nikiitazama orodha ya mwaka huu kwa jicho hilo, mgeni ninayemwona kuwa muhimu kuliko wote baada ya Flagg ni Knueppel. Kijana huyu kutoka Milwaukee anatupa mpira kwa utulivu wa mtu wa miaka 30, lakini pia anajua kuupokea mpira, kumvuta mlinzi hatua mbili, na kuutoa kwa aliye huru kabla msaada haujafika. Akisimama upande mmoja na Gillis upande wa pili, aliyepata karibu asilimia 47 ya mitupo yake ya pointi tatu akiwa Purdue, hakuna atakayethubutu kumwacha mtu wake aende kumsaidia mwenzake dhidi ya Flagg. Huyo Gillis nadhani ndugu wa Durham amempa dakika zake sawasawa, na alikwisha kuzoea kutokea benchi, kwani ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa akiba wa ukanda wa Big Ten.

Ninapotofautiana naye ni zile dakika 25 za Foster. Foster ni mlinzi mzuri, na aliumia mwishoni mwa msimu uliopita wakati timu inamhitaji, kwa hiyo namwonea huruma. Hata hivyo, Duke ina mchezeshaji mmoja anayejulikana, Proctor, na ina Flagg anayeweza kuupandisha mpira mwenyewe. Ukiongeza mtu wa tatu anayetaka kuudunda mpira kabla ya kuamua, mashambulizi yanasimama. James hahitaji mpira. Atamkaba mfungaji bora wa upande wa pili, atakimbia pembeni, atatupa akiwa huru. Ningembadilisha nafasi na Foster kabla ya Krismasi, na singeshangaa kocha akifanya hivyo hata bila ushauri wetu.

Na kwa wanaoamini kwamba vijana wa mwaka wa kwanza wanatosha peke yao, Kentucky ya msimu uliopita ilikuwa na Rob Dillingham na Reed Sheppard, wote wawili wakachaguliwa miongoni mwa kumi wa mwanzo katika NBA, lakini ilitolewa katika mchezo wake wa kwanza wa mashindano ya kitaifa na Oakland, 80 kwa 76. Wapinzani wale walikuwa na mtu mmoja wa mwaka wa mwisho aliyetupa mitupo ishirini ya pointi tatu ikaingia kumi kwa namna ambayo ilionekana kama mazoezi. Umri una thamani yake. Ndiyo sababu Scheyer aliwatafuta James, Gillis na Brown kabla hata ya kumaliza kuwapokea watoto.

Mtazamaji wa Lugogo (Kampala), 4 Septemba 2024

Nawashukuru sana, dada wa Nairobi na ndugu zangu wote. Kocha, hoja yako ya mpira ulio juu ya ringi imenifungua macho, kwani nilikuwa mbele ya televisheni wakati wa michezo ya City Oilers kule Cairo na sikuwahi kufikiria kwamba kitu tulichokipigia makofi kitakuwa faulo kwingine.

Naomba niongeze swali dogo. Ratiba inaonyesha kwamba wataanza tarehe 4 Novemba na Maine, jimbo alikotoka Flagg, kisha tarehe 12 Novemba watakutana na Kentucky mjini Atlanta, tarehe 22 wanakwenda Arizona, na tarehe 26 wanacheza na Kansas mjini Las Vegas. Je, ni mchezo gani kati ya hiyo utakaotuonyesha kwamba wageni wameingiana, na hasa kwamba Maluach amepata mahali pake? Pia nimesikia watu wakisema alikwenda Duke kwa sababu ya Luol Deng. Kuna ukweli?

Kocha wa Upanga (Dar es Salaam), 4 Septemba 2024

Kidogo tu nisahihishe, ndugu: kuugusa mpira ulio juu ya ringi hakuhesabiwi kuwa faulo ya mchezaji. Mpinzani anapewa pointi na mchezo unaendelea, kwa hiyo hakutamharibia hesabu yake ya faulo tano.

Kuhusu Deng, yaliyo wazi ni kwamba alichezea Duke msimu mmoja, 2003/04, akafika nayo nusu fainali, na kwamba leo ndiye rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, ambalo Maluach amelichezea akiwa bado mtoto. Alikuwa na mtu wa kumweleza maisha ya pale yalivyo. Uamuzi wenyewe ni wake na familia yake, na sioni sababu ya kuufanya wa mtu mwingine.

Mkazi wa Durham, 5 Septemba 2024

Nijibu la ratiba. Mchezo wa Maine utakuwa sherehe ya Flagg, na hautatufundisha kitu. Mimi nasubiri Atlanta.

Kentucky nao wameanza upya kabisa. John Calipari amehamia Arkansas, Mark Pope amekuja kutoka BYU, na kikosi chao chote ni cha watu waliokusanywa mwaka huu, wengi wakiwa wazoefu waliohama vyuo. Tofauti kubwa na timu yetu ni kwamba Pope anapenda senta wake asimame juu, karibu na mstari wa pointi tatu, na kugawa mpira huku wenzake wakikatiza nyuma ya walinzi. Ana Amari Williams, Mwingereza aliyetoka Drexel, mwenye urefu wa sentimita 213, ambaye amewahi kuwa mlinzi bora wa ukanda wake mara tatu lakini pia ana mikono ya mchezeshaji. Sasa jiulizeni: Maluach atamfuata Williams hadi juu, aache ringi wazi, au atabaki chini na kumwachia nafasi ya kupiga pasi bila kusumbuliwa? Sheria za chuo zinamruhusu mlinzi kukaa katikati muda anaotaka, kwa hiyo uamuzi ni wa kocha.

Ubashiri wangu ni kwamba atabaki chini katika dakika kumi za mwanzo, Kentucky watapata vikapu vitatu au vinne vya kukatiza, na Scheyer atamwingiza Brown. Baada ya hapo tazameni kipindi cha pili kinapoanza. Maluach akirudishwa tena dhidi ya Williams, maana yake kocha ameona katika mazoezi kwamba anaweza kutoka nje na kurudi kwa wakati, na dakika zake zitazidi zile 20 nilizompa. Asiporudishwa, basi hadi Januari tutamwona zaidi dhidi ya timu zenye senta wa kizamani.

Na dada wa Nairobi, hoja yako kuhusu Foster na James nimeichukua. Nikitoa dakika 6 kwa mmoja na kumpa mwingine, jumla inabaki 200, ila sitaki kuwa wa kwanza kumwambia Foster.